Utepe Hauongozi Ndege

Wadau, leo tuache porojo kidogo, tuongelee jambo linalohusu roho za watu.

Mwanzoni mwa Juni 2025 Umoja wa Ulaya ulitangaza kwamba mashirika yote ya ndege yenye leseni ya Tanzania hayaruhusiwi kuruka kwenye anga lake. Yote. ATCL ilikuwa imeshafungiwa peke yake tangu Desemba 2024, lakini safari hii wakubwa kwa wadogo walitiwa kapu moja, hadi vindege vinavyopeleka watalii Serengeti na Zanzibar.

Mkajua tena Wabongo. Vijiweni ikawa ni mabishano ya Simba na Yanga. Huyu anasema ni wivu wa wazungu, wameona tumenunua madege mapya roho zimewauma. Yule anasema sasa kuna ubaya gani, kwani nani hapa alikuwa anapanda ndege yetu kwenda Paris? Mwingine anamalizia kwamba mabeberu hawatupendi, basi, mjadala umefungwa, lete kahawa nyingine.

Kilichonishangaza ni kwamba karibu hakuna aliyesoma sababu. Hawakusema ndege zetu ni chakavu, na wala hawakusema marubani wetu hawajui kurusha. Sababu ya kwanza iliyotajwa ilikuwa upungufu mkubwa wa wafanyakazi wenye sifa. Baada ya hiyo ndiyo zikafuata nyingine: usimamizi usio na nguvu wa safari za ndege na wa ubora wa ndege zenyewe, na kutofuata viwango vya kimataifa.

Rudia kuisoma hiyo ya kwanza. Upungufu wa WATU. Na wanaozungumziwa ni watu wa ofisi ya umma inayotakiwa kusimama juu ya mashirika yote na kusema "wewe ruka, wewe usiruke". Nchi inapofungiwa yote kwa mpigo maana yake ndiyo hiyo. Hawaliamini jicho linalokagua, kwa hiyo hawawezi kuamini chochote lilichokipitisha.

Ndugu zangu wa Kigoma na Ujiji, sisi hapa tuna sababu ya ziada ya kuona aibu. Siku ya anga safi ukisimama ufukweni unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Kwa miaka mingi tumekuwa tukiwacheka jirani zetu kwa habari ya ndege. Mashirika ya Kongo yote yapo kwenye orodha hiyo ya Ulaya tangu ilipoanza mwaka 2006. Aprili 2008 ndege ya Hewa Bora ilishindwa kuruka Goma ikaangukia mtaa wa sokoni, ikaua hadi watu waliokuwa chini wanafanya biashara zao. Tukatikisa vichwa, tukasema "Kongo hiyo". Haya, Juni 2025 tuliingia nao kwenye karatasi moja. Kenya haimo, Uganda haimo, Rwanda haimo, Ethiopia haimo. Kama kweli ni wivu wa wazungu, mbona Ethiopia wenye shirika kubwa kuliko yote Afrika hawaonewi wivu?

Nakubali, orodha ile ina lawama zake. Vyama vya mashirika ya ndege vimewahi kulalamika kwamba inaziangukia zaidi nchi maskini na kwamba haisaidii kurekebisha kitu. Hilo lina ukweli ndani yake. Lakini malalamiko hayo hayajibu swali la msingi: watu wanatosha au hawatoshi? Daktari anaweza kuwa na kiburi na dharau, na bado malaria anayokuambia unayo ikawa ni malaria kweli.

Sasa tujiulize, watu walikwenda wapi?

Anza mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, halikufa shirika la ndege la pamoja tu. Ilikufa pia idara ya pamoja ya usafiri wa anga, na chuo cha urubani na ufundi wa ndege kilichojengwa Soroti kikabaki Uganda. Kila nchi ikaanza upya na wataalamu wachache iliojaliwa kubaki nao.

Halafu ikaja miaka ya tisini, ile ambayo wazazi wetu wanaikumbuka kwa neno moja: ridandansi. Wakubwa wa fedha wa dunia walisema serikali yetu ni nene mno, ipunguzwe. Watumishi wa serikali waliokuwa karibu 355,000 mwaka 1992 wakashuka chini ya 280,000 kabla muongo haujaisha. Nyumba ngapi hapa Mwanga, Gungu na Ujiji zilipokea barua ile? Sikatai kwamba kulikuwa na watu wanakuja ofisini kusoma gazeti tu. Lakini panga la namna ile halichagui. Linahesabu vichwa, halihesabu ujuzi.

Juni 2016 serikali ya awamu ya tano ikasimamisha ajira mpya ili isake wafanyakazi hewa. Ilisemwa ni kwa muda mfupi, muda ukajivuta. Aprili 2017 likaja la vyeti feki: watumishi 9,932 wakatajwa na kuondolewa kwa mkupuo. Mimi simtetei mtu mwenye cheti cha kughushi. Sitaki kabisa ndege ninayopanda ikaguliwe na mtu aliyenunua cheti Kariakoo. Lakini ukimwondoa mtu kazini, kazi yenyewe haiondoki naye. Inabaki pale inamsubiri mwingine, na kama mwingine haji, wale waliobaki wanaibeba na ya kwao juu.

Sitadai kwamba barua fulani ya ridandansi ndiyo iliyozaa tangazo la Juni 2025. Ninachodai ni kwamba tumejijengea tabia, awamu kwa awamu, ya kumwona mtumishi wa umma kama gharama ya kubana na kamwe si kazi inayotakiwa kufanyika. Tabia hiyo kwenye ofisi ya kugonga mihuri inakuletea foleni. Kwenye usafiri wa anga inakuletea majeneza.

Tuelewane kwanza kazi zenyewe ni zipi, maana abiria wengi tunamjua rubani na mhudumu anayegawa juisi, basi.

Kuna mwongoza ndege aliyekaa mnarani, anayehakikisha ndege mbili hazikutani mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kuna mkaguzi wa ubora wa ndege, anayeingia kwenye karakana ya shirika na kufungua vitabu vya matengenezo kuona kama kile kilichoandikwa kimefanyika. Kuna mkaguzi wa safari za ndege, anayewapima marubani na kuangalia kama hawarushwi zaidi ya saa zinazoruhusiwa. Kuna mtaalamu wa hali ya hewa. Kuna askari wa zimamoto wa kiwanjani. Hawa wote abiria hawaoni, na siku wakifanya kazi yao vizuri hakuna habari ya kuandika gazetini.

Kila mmoja wao ana hesabu yake. Chukua zimamoto. Viwango vya kimataifa vinataka gari la zimamoto lifike popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika tatu. Sasa gari linaweza kuwepo, jekundu, linang'aa, limezinduliwa na mheshimiwa. Kama dereva yuko mmoja na leo anaumwa, hizo dakika tatu unazipata wapi? Chukua mnara. Mnara hauhitaji mtu mmoja, unahitaji zamu. Anayetoka usiku hawezi kuingia asubuhi. Kuna likizo, kuna uzazi, kuna msiba, kuna mafunzo ya kurudia. Ukisikia kituo "kina waongoza ndege", uliza wangapi kwa zamu, maana watu wanaotosha kwenye orodha ya mishahara wanaweza wasitoshe kwenye zamu ya saa kumi alfajiri.

Na upungufu unavyoua tunaujua, umeandikwa. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya mji wa Überlingen kusini mwa Ujerumani, ndege ya abiria ya Kirusi iligongana na ndege ya mizigo angani. Walikufa watu 71, wengi wao watoto wa shule waliokuwa wanakwenda likizo. Anga lile lilikuwa linaongozwa kutoka Zurich, Uswisi. Waongoza ndege walikuwa wawili usiku ule, mmoja akaenda kupumzika kama ilivyokuwa mazoea yao, na uongozi ulikuwa unayajua mazoea hayo na kuyavumilia. Aliyebaki akawa anakimbia kati ya skrini mbili, huku mitambo mingine ikiwa kwenye matengenezo na simu zikiwa na hitilafu. Uswisi hiyo, nchi ya saa na mabenki. Mtu mmoja kwenye viti viwili.

Tusogee karibu na leo. Tarehe 29 Januari 2025 helikopta ya jeshi iligongana na ndege ya abiria karibu na uwanja wa Reagan, Washington, wakafa watu 67. Pale mnarani, kazi ya kuongoza helikopta na ile ya kuongoza ndege zilikuwa zimeunganishwa na kushikwa na mtu mmoja. Halafu, wiki chache tu baadaye, serikali ya huko ikaachisha kazi wafanyakazi mia kadhaa wa mamlaka yake ya anga waliokuwa kwenye kipindi cha majaribio, ikiwa ni sehemu ya kupunguza watumishi nchi nzima. Waziri wao alisema waongoza ndege hawakuguswa. Sawa. Lakini mwaka huohuo, serikali ilipofungwa kwa siku 43 kuanzia Oktoba 1, waongoza ndege walifanya kazi bila mshahara, wengine wakashindwa kufika kazini, na kufikia Novemba safari zikapunguzwa kwa amri kwenye viwanja vikubwa 40. Marekani hiyo! Na mwaka 1981 Rais Reagan, yuleyule mwenye uwanja, aliwafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliogoma, na ilichukua miaka mingi kuliziba pengo lile.

Kwa nini miaka mingi? Kwa sababu mwongoza ndege haokotwi. Unamchukua kijana mwenye hesabu na fizikia, unampeleka chuo, unampima afya, unampeleka mnarani akae pembeni ya mkubwa wake hadi apitishwe kwa mnara ule, na akihamishiwa mnara mwingine anajifunza upya. Mkaguzi ndiyo balaa zaidi, kwa sababu mkaguzi mzuri ni yule aliyekwishafanya kazi ya ufundi au urubani kwa miaka. Huyo huyo ndiye shirika la ndege linamtaka, na kule Ghuba wanamtaka, tena kwa mshahara ambao ukiutaja hapa watu wanadhani unatania. Ukimpoteza leo, humpati mwakani.

Wapo watakaosema hayo ni ya Ulaya na Marekani, huku kwetu ndege zenyewe chache. Haya, turudi nyumbani.

Jumapili tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria karibu kabisa na kiwanja cha Bukoba. Ndani walikuwa watu 43. Walikufa 19, wakapona 24. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, na uchunguzi wa ndege kwa nini ilianguka ni habari yake. Mimi naongelea yaliyofuata baada ya kuanguka. Waliofika kwanza ni wavuvi, na mitumbwi yao na makasia yao. Ripoti ya awali ya uchunguzi, ambayo ni ya serikali yetu wenyewe na si ya wazungu, ilieleza kwamba boti ya polisi wanamaji ilifika saa kadhaa baadaye, wazamiaji hawakuwa na oksijeni ya kutosha kwenye mitungi, na boti haikuwa na mafuta ya kutosha. Siku ile mkuu wa mkoa alieleza kwamba marubani walikuwa bado hai wanawasiliana na waokoaji. Wote wawili walikufa.

Kisha ikafuata sehemu ambayo sisi Watanzania tunaiweza kuliko watu wote: sherehe. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, aliyehatarisha maisha yake kuokoa abiria, akapewa shilingi milioni moja na ajira kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili, na zaidi. Lakini jamani, mmeiona hiyo? Mkoa unaopakana na ziwa, kiwanja kilicho kando ya maji, na tulimpata mwokoaji wa majini BAADA ya ajali, kwa kumwona kwenye habari. Hiyo ndiyo sera ya ajira?

Na Kigoma tusijifanye hatuhusiki. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 2012, ndege ya ATCL aina ya Dash 8 iliyokuwa inaruka kutoka hapahapa Kigoma ilishindwa kupaa, ikatoka njiani na kuharibika kiasi cha kutofaa tena. Ndani walikuwa watu 39. Wote walitoka hai. Tukashukuru Mungu, ndivyo ilivyotakiwa, halafu tukasahau, ambavyo havikutakiwa. Fikiria ndege ile ingefika juu kidogo kisha ikarudi kwenye maji ya Tanganyika, ziwa lenye kina cha karibu kilomita moja na nusu kwenda chini, la pili kwa kina duniani. Nani angekuja? Kwa boti gani? Nani angezama?

Naona kuna mtu anajiandaa kusema "serikali haina hela". Hapo ndipo nataka tubishane vizuri.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi hii, ikiwa miongoni mwa maskini kabisa duniani, ilinunua rada kutoka kampuni ya BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Waziri wa maendeleo wa Uingereza wa wakati ule, Clare Short, aliipinga ndani ya serikali yake mwenyewe. Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa likasema ni ya bei kubwa na haifai vya kutosha kwa ndege za kiraia. Ikanunuliwa. Mwaka 2010 kampuni ikakiri mahakamani London kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za malipo ya biashara ile, ikakubali kuilipa Tanzania pauni milioni 29.5, zikageuka vitabu na madawati ya shule. Hela ilikuwepo.

Mwaka 2017 ukasainiwa mkataba wa rada nne mpya za kiraia kutoka Ufaransa, kwa ajili ya Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa shilingi zaidi ya bilioni 67. Hizo zilikuwa zinahitajika kweli, na ninapongeza. Tangu Septemba 2016 zikaanza kununuliwa ndege za ATCL, kutoka mbili za mwanzo hadi 16 kufikia 2024, Dreamliner zikiwemo. Viwanja vya Kigoma, Tabora, Shinyanga na Sumbawanga vikapata mradi wa upanuzi kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Ndiyo, Ulaya ileile ya "wivu".

Kwa hiyo hela ya vyuma ipo, hela ya lami ipo, hela ya vioo vya jengo la abiria ipo. Ikifika kwenye watu ndipo tunaambiwa hali ngumu. Kwa nini? Nitawaambia ninavyoona mimi. Chuma kina uzinduzi. Kina utepe, kina ngoma, kina picha ukurasa wa kwanza, kina mkataba, na kwenye mkataba huwa kuna vya pembeni. Mkaguzi wa ubora wa ndege hana utepe wa kukatwa. Huwezi kumwita Rais aje kuzindua zamu ya usiku. Na mkaguzi mzuri, kusema kweli, ni kero kwa wakubwa, kwa sababu siku moja atasimama mbele ya ndege iliyozinduliwa kwa ngoma na kusema "hii leo hairuki".

Halafu kuna jambo ambalo abiria wengi hatulitafakari. Mamlaka ya Usafiri wa Anga haiishi kwa kuombaomba Hazina kama zahanati ya kijijini. Ndege za nje zinazopita juu ya anga letu zinalipia. Mashirika yanalipia leseni na huduma. Na wewe mwenyewe, angalia mchanganuo wa tiketi yako uone ada zinazokatwa kabla hujakanyaga ngazi ya ndege. Tunalipia usalama kwa jina lake. Nani anaweza kusimama akatuambia hela hiyo haitoshi kuajiri wanaoufanya huo usalama, bila kutuonyesha mahesabu?

Na inawezekana, msiniambie haiwezekani. Ukaguzi wa kimataifa wa mwaka 2013 uliipa Tanzania kama asilimia 38 tu ya utekelezaji wa viwango vya usalama wa anga. Mwaka 2017 tukafika kama asilimia 64. Watu walewale, nchi ileile. Kilichotofautiana ni kwamba kuna walioamua kulifanyia kazi. Lakini kazi ya namna hii ni kama kubeba maji kwenye ndoo inayovuja: ukiweka nguvu halafu ukaacha watu waondoke bila kuziba nafasi zao, utaanza kuchota upya.

Kwetu mwisho wa reli jambo hili lina uzito kuliko mnavyodhani ninyi wa Dar. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa njia hiyo Dar ni zaidi ya kilomita 1,250. Kwa basi ni safari ya kukunja mgongo. Mgonjwa aliyepewa rufaa ya Muhimbili na ana saa chache, mfanyabiashara wa migebuka na dagaa, mwanafunzi aliyechelewa kuripoti chuo, mtu aliyefiwa: kwao ndege ndiyo barabara iliyobaki. Wa Dar akiogopa ndege ya kwenda Morogoro anapanda treni ya umeme. Wa Kigoma akiogopa, anakaa.

Basi, badala ya kumaliza kwa kulalama, niseme tunachotakiwa kudai.

Kwanza, hesabu iwekwe wazi. Kiwanja kwa kiwanja: waongoza ndege wanaotakiwa wangapi, waliopo wangapi, zimamoto wanaotakiwa wangapi, waliopo wangapi, wakaguzi wa nchi nzima wanaotakiwa wangapi, waliopo wangapi. Hii si siri ya jeshi. Wazungu wameshaijua, ndiyo maana walitufungia. Anayefichwa ni mwananchi.

Pili, kazi hizi zitolewe kwenye mapanga ya jumla. Siku serikali yoyote itakapotangaza tena kusimamisha ajira, kuhakiki vyeti au kubana matumizi, pawe na kanuni kwamba nafasi ya usalama wa anga haikai wazi zaidi ya muda fulani, na nafasi isipozibwa, huduma inapunguzwa hadharani. Heri safari mbili kwa wiki zenye watu kamili kuliko saba za kubahatisha.

Tatu, walipwe. Vijana wapo. Chuo cha Usafiri wa Anga kipo Dar es Salaam, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo. Wasomeshwe kwa mkataba wa kutumikia nchi miaka kadhaa, lakini mkataba bila mshahara wa maana ni gereza, na mtu hutoroka gerezani. Pale tunapopungukiwa leo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina chombo chake cha usalama wa anga, kilichoanzishwa 2007 na chenye makao yake Entebbe. Kuazimana wakaguzi na jirani si aibu.

Nne, na hili ni la sisi wa maziwa. Kigoma, Bukoba, Mwanza, Musoma: kiwanja kilicho kando ya maji kiwe na boti yake, mafuta yake, mitungi yake iliyojaa, na wazamiaji wake walioajiriwa KABLA. Na wavuvi wa Kibirizi na Katonga waingizwe kwenye mazoezi, walipwe posho, wajue mlango wa ndege unafunguliwaje kutokea nje. Bukoba ilishatuonyesha kwamba hao ndio watakaofika kwanza, tutake tusitake.

Kwa waandishi wenzangu nina ombi moja dogo. Tunaalikwa kila mara kwenye hizi hafla. Tunapewa maji, soda na bahasha, tunapiga picha ya mkasi na utepe, tunarudi kuandika "mheshimiwa azindua". Safari ijayo mheshimiwa atakapokuja Kigoma kuzindua jengo la abiria au taa za kutulia usiku, kabla hajashika mkasi, mmoja wetu anyanyue mkono na kuuliza: wanaotakiwa kufanya kazi humu ni wangapi, na walioajiriwa ni wangapi? Akijibu, tuandike namba. Asipojibu, tuandike kwamba hakujibu.